Asubuhi umeme ulipokatika La La Land wakiwa jukwaani

Kila msimu wa Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani, ukikaribia na watu wakianza kubishana nani atachukua na nani ataonewa, mie akili inanirudi Jumatatu moja tu, tarehe 27 Februari 2017, tuko Michenzani ghorofani na Bibi, joto la kaskazi limejaa ndani na feni inazungusha upepo wa moto. Kule Los Angeles ilikuwa bado Jumapili, sherehe yao inaanza saa kumi na moja na nusu jioni ambayo kwetu ndo saa kumi na nusu alfajiri. Bibi saa hizo yuko macho siku zote kwa ajili ya sala zake za usiku kwa hiyo sikuwa nimemkosesha usingizi. Kazini nilishaomba ruhusa niingie saa nne.

Mabishano yenyewe yalianza tangu Disemba, mie na binamu yangu wa Maskat, WhatsApp asubuhi na usiku. Yeye anataka ishinde filamu ya La La Land, mie Moonlight, na tuliwekeana kabisa, akikosa yeye ananitumia halua ya Maskat, nikikosa mie namtumia ya Wete. Na hoja alikuwa nazo, siwezi kumnyima. La La Land ilikuwa imetajwa kugombea Oscar mara 14, idadi ambayo kabla yake walishawahi kuifikia Titanic na All About Eve tu, Januari ikazoa tuzo 7 za Golden Globe kwa usiku mmoja, chama cha maprodyuza wakaipa tuzo yao, chama cha madairekta wakaipa yao. Kila akipata habari mpya ananitumia na kikaragosi cha kucheka.

Mie nilikuwa namwambia subiri, picha bora, ile tuzo kubwa ya mwisho ya filamu yenyewe, haihesabiwi kama zile tuzo nyengine. Kule mpiga kura hachagui filamu moja, anazipanga zote zinazogombea, ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwaka ule zilikuwa 9. Ikiwa hakuna iliyovuka nusu, ile yenye kura chache inatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la wale wale watu, wanaendelea hivo hivo mpaka moja ivuke. Sasa filamu ambayo huyu anaiweka ya kwanza na yule anaiweka ya saba inaweza kukwama, na ile ambayo kila mtu kaiweka ya pili au ya tatu ikawa inapanda taratibu. Nilimchorea mpaka kwenye karatasi nikaipiga picha nikamtumia.

Lakini nikisema ukweli haikuwa hesabu. Nilikuwa nimeiangalia Moonlight kwenye laptop, kwenye flashi niliyopewa na rafiki, na kuna pahala yule bwana Juan anamchukua yule mtoto baharini anamfundisha kuogelea, kamlaza juu ya maji, mkono mmoja umeshika kichwa, anamwambia mtoto ajiachie yeye kamshika. Mie baba yangu alinifunza vile vile pale Kizingo, mkono wake chini ya kisogo changu, maji yakiniingia masikioni nasikia sauti yake kwa mbali kama yuko chumba cha pili. Kafariki nikiwa na miaka kumi na moja. Sijawahi kuona filamu ya mtu yeyote popote ikanirudishia ule mkono, na hii imepigwa Miami, kwa siku 25 tu, kwa pesa kama dola milioni 1.5 wakati wenzao walikuwa na milioni 30. Kwa hiyo kwangu mie ilikuwa lazima ishinde.

Tuzo ya mwanzo kabisa kutolewa usiku ule ikaenda kwa huyo huyo Juan, Mahershala Ali. Adhana ya alfajiri bado. Bibi yuko kwenye msala, nikamwambia Bibi njoo uone, Muislamu kachukua, akaja na buibui lake la kusalia akauliza jina lake nani, nikamwambia Mahershala Ali, akaniuliza "Ali bin nani?" Pale jukwaani akamshukuru mkewe, akasema wamepata mtoto wa kike siku nne nyuma. Nilivomfasiria Bibi akashtuka, "Siku nne! Mzazi yuko ndani hata wiki hajatimiza?" afu akanyanyua mikono akawaombea, yule mama na yule mtoto. Siku ya pili nikasoma kuwa ndo Muislamu wa mwanzo kupata Oscar ya uigizaji, nikamsomea, akasema na mwana kaja na riziki yake.

Huko katikati nilikuwa nasinzia nikiamka. Namkumbuka yule dairekta wa Iran, Asghar Farhadi, filamu yake The Salesman imeshinda ila mwenyewe hakuja, kagoma kwa sababu ya ile amri ya Trump ya kuzuia watu wa nchi saba na Somalia imo, akasomewa ujumbe wake na mtu mwengine, ukumbi unapiga makofi. Namkumbuka mwigizaji Viola Davis kashinda. Namkumbuka mwigizaji Denzel Washington kakosa na Bibi hakufurahi hata kidogo.

Saa mbili na dakika chache asubuhi, watoto wa skuli washapita chini zamani na harufu ya mandazi imepanda mpaka kwetu, wakatoka waigizaji wakongwe Warren Beatty na Faye Dunaway na bahasha ya mwisho, ya picha bora. Mie nimekaa chini nimeshika miguu ya Bibi. Beatty akafungua, akasoma, akanyamaza, akaingiza tena vidole mle ndani ya bahasha kama mtu anatafuta risiti, akamtazama mwenzake. Ukumbi wanacheka wanaona anawachelewesha makusudi. Bibi hakucheka, akasema, "Yule mzee kaona kitu." Nikamwambia Bibi ngoja. Beatty akamuonesha Dunaway ile kadi, Dunaway akasoma, La La Land.

Wakapanda wote, wanakumbatiana, wa mwanzo kashika mike anashukuru, na pale pale tii, tivii ikazima. Feni ikaanza kupunguza mwendo. Umeme umekwisha. Ile mita ilikuwa inalia tangu usiku na mie nilikuwa naipuuza, najiambia ntanunua kukicha.

Basi tumekaa. Nilikuwa nalia, silii kwa sauti, machozi tu. Bibi akanipapasa kichwa akasema, "Vikombe vya watu vina wenyewe, mwanangu. Hata Nargis walimnyima."

Hii ya Nargis, yule mwigizaji wa Kihindi aliyecheza mama kwenye Mother India, nilishaisikia mara nyingi ila siku ile alinihadithia yote. Alikuwa mwari, wanawake wana maonesho yao peke yao sinema, hakuna mwanamme ndani, wakienda na mama zake na mashangazi, kanga mpya, karanga kwenye karatasi, na ilipokuja Mother India walilia mpaka wakasahau karanga. Pale mama anapompiga risasi mwanawe mwenyewe alomzaa, kwa sababu mwana kamchukua msichana wa watu na heshima ya kijiji imo mikononi mwake. Bibi kila akifika hapo anashika kifua. Filamu ile ilifika Oscar ya mwaka 1958, kwenye zile za lugha za kigeni, ikashindwa na ya Italia ya Fellini, na inavosimuliwa ilikosa kwa kura moja. Bibi hilo la kura moja aliambiwa na kaka yake miaka mingi baadae na hajalisamehe. "Kura moja! Mtu mmoja angeamka vizuri siku ile."

Simu ikalia. Voice note, binamu. Sikutaka kuifungua nilijua kaja kunicheka. Bibi akasema fungua, umekwisha kosa, basi kuwa muungwana. Nikaifungua, anapiga kelele sauti imekatika katika, "Moonlight! Moonlight we! Wamekosea bahasha! Washa tivii!"

Nikaona ananichezea. Nikamjibu muogope Mungu. Akatuma nyengine hapo hapo, sasa hachezi namsikia anahema, anasema wallahi wamewashusha, wamewapa wenzao. Nilishuka zile ngazi na kanga moja kiunoni na nyengine kichwani, sina ndara, mpaka kwa wakala chini, nipe umeme wa elfu tano, akaniandikia zile namba 20 kwenye kipande cha boksi la sigara. Nikapanda. Bibi ananisomea namba miwani imemkaa pembeni, mie nabonyeza, vidole vinatetemeka, mara ya mwanzo mita ikakataa. "Soma taratibu Bibi." "Nasoma taratibu, weye ndo unakimbia." Mara ya pili ikakubali.

Ile yenyewe nikaiona ya marudio. Yule yule wa La La Land aliyekuwa anashukuru, Jordan Horowitz, tuzo iko mkononi kwake, anarudi kwenye mike anasema kuna makosa, Moonlight ndo mmeshinda, si mzaha, na anainyanyua ile kadi kamera ikaikaribia ukaiona imeandikwa Moonlight. Beatty akaja kueleza kuwa kapewa bahasha ya Emma Stone, ya mwigizaji bora wa kike, ndo mana alikuwa anaangalia vile. Na Barry Jenkins, dairekta wa Moonlight, amepanda, uso wake wa mtu ambaye kashakubali kukosa na sasa hajui auweke vipi.

Nilikuwa naruka mwenyewe sebuleni. Ila Bibi hakuwa anamtazama Jenkins, alikuwa anamtazama Horowitz. Akaniomba niirejeshe, ikirudi tena mara ya tatu mara ya nne anaitazama. Akasema, "Huyu kazaliwa. Kitu kiko mkononi mwake, dunia nzima inamuona, akasema si changu." Akamuombea na yeye pia.

Afu akakaa kimya kidogo, anaikunja ile karatasi ya boksi la sigara ndogo ndogo, akaniuliza kwa utaratibu kabisa kama mtu anaeuliza habari za ofisi fulani zinafunguliwa saa ngapi, zile bahasha za zamani, za 1958, wanaziweka wapi, na kama kuna mtu anaweza kwenda kuzifungua tena.