Jinsi nilivyoitoa shanga puani mwa binti yangu

Jumamosi jioni, nilipokuwa nikimsuka binti yangu mkubwa mwenye miaka 6, mdogo wake wa miaka 3, ambaye alikuwa akichezea bakuli la shanga huku akituimbia, alinyamaza ghafla, kisha akatangaza kwa fahari kwamba shanga ya bluu imelala puani. Nilishtuka, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kibano. Bahati nzuri nikakumbuka onyo la muuguzi wa kliniki kwamba kuchokoa husukuma kitu ndani zaidi.

Kwa kuwa alikuwa akipumua vizuri, nilimpakata, nikamwambia kwamba mama atampa busu kubwa, nikaziba kwa kidole tundu la pua lisilo na shanga, nikafunika mdomo wake kwa mdomo wangu, kisha nikapuliza pumzi moja fupi. Mara ya kwanza tuliishia kucheka. Mara ya pili shanga ilinirukia shavuni, pamoja na kamasi. Ingekuwa betri ndogo ya saa, ambayo huunguza utando wa pua ndani ya saa chache, nisingejaribu lolote ila kukimbilia hospitali. Bakuli la shanga sasa linakaa juu ya kabati.