Kutoka Jebel Ali hadi Maskati, Nyuma ya Kontena

Mnara wa Dubai World Trade Centre na bandari ya Jebel Ali vilifunguliwa katika ziara moja ya Malkia Elizabeth II wa Uingereza, Februari 1979. Mnara wenye ghorofa 39 ulisimama peke yake mchangani, na bandari ilikuwa kilomita 35 hivi kusini-magharibi, mahali ambapo wengi hawakuona mteja. Kumbi zilizo pembeni mwa mnara huo ndizo zilizokusanya kongamano la wafanyabiashara kuhusu ushindani wa uchumi katika nchi za Kiarabu. Yaliyozungumzwa yanajulikana: kupunguza kutegemea mafuta, ajira za vijana, urahisi wa kufungua kampuni. Mimi nilitaka kuyaona nje ya ukumbi. Nchi ikisema inashindana, muulize mwenye kontena: limesimama saa ngapi, kwa karatasi ipi, na gharama ya kusubiri imemwangukia nani? Kwa hiyo kongamano lilipokwisha tulishika njia ya mizigo: Deira, Jebel Ali, mpaka wa Hatta, Sohar, mpaka Maskati.

Deira, mtaa wa kale wa biashara ukingoni mwa hori ya Dubai, mkono wa bahari unaoingia mjini, ndipo pa kuanzia, kwa sababu hori hiyo ni ushahidi wa zamani kuliko hotuba zote. Mwanzoni mwa karne ya 20, Uajemi ilipopandisha ushuru katika bandari zake, mtawala wa Dubai alifuta ushuru wake, na wafanyabiashara wa Linge, mojawapo ya bandari hizo za Uajemi, wakavuka bahari na bidhaa zao na familia zao. Miaka ya 1950 mchanga ulianza kuziba hori. Jirani yao Sharjah alikuwa na tatizo hilo hilo. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum akakopa Kuwait na kuichimba hori kati ya 1959 na 1961. Ya Sharjah ikazidi kujaa mchanga, na majahazi yakahamia Dubai. Mafuta ya Dubai yaligunduliwa 1966, baada ya hayo yote. Anayedhani Dubai ilijengwa na mafuta tu aanze kwa kuhesabu miaka hiyo.

Ukingoni mwa hori bado majahazi yanapakia matairi, friji na viyoyozi kwenda Iran na Somalia. Nyuma yake, mitaa ya Deira imejaa maghala madogo yanayokusanya mizigo ya Kariakoo na Eastleigh. Hapa kuna jambo la kuzingatia kwa anayechangia kontena na wenzake. Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita 33 hivi ndani, lakini mzigo wa maboksi mchanganyiko huingia mita 27 au 28, hauzidi. La futi 40 lenye kimo kirefu lina mita 76, na ukipanga vizuri utapata 66 hadi 68. Wakala anayekuahidi zaidi ya hapo atabaki na mizigo ya mtu ghalani, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Hatari nyingine ni kubwa zaidi: mzigo wa kuchangia hukaguliwa kama mzigo mmoja. Mmoja akiingiza vipodozi vyenye kemikali iliyopigwa marufuku, au simu zisizotajwa kwenye orodha ya vifurushi, wote mnashikwa Mombasa au Dar es Salaam, na siku za kuhifadhi zinahesabiwa kwa kontena zima. Kwa mzigo wa Kenya, hakikisha cheti cha ubora kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kimetolewa kabla kontena halijafungwa. Kikitafutwa baada ya meli kung'oa nanga, bei yake hupanda na subira haisaidii.

Kutoka Deira kwenda Jebel Ali barabara ni moja, pana, na malori yana saa zake za kuzuiwa asubuhi na jioni. Dereva asiyezijua hupoteza nusu siku kabla hajaiona bandari.

Jebel Ali ina ukubwa ambao macho hayawezi kuumaliza. Mwaka 2024 ilipitisha zaidi ya makontena milioni 15 kwa kipimo cha futi 20. Lakini siri yake ni eneo huru lililofungamana nayo, Jafza, lililoanzishwa 1985. Wakati ule, nje ya maeneo huru, mgeni alihitaji mshirika raia mwenye hisa 51 kwa mia. Sharti hilo lililegezwa kwa biashara nyingi mwaka 2021 tu. Ndani ya Jafza mgeni alimiliki kampuni yake yote tangu mwanzo. Bidhaa ikitoka melini ikaingia ghala la Jafza hailipi ushuru. Ikivuka lango kuingia sokoni Dubai, kwa kawaida hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 5, kiwango cha pamoja walichokubaliana nchi zote sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba mwaka 2003, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyoanza Januari 2018.

Hatua zenyewe ni hizi, na mpangilio wake hauchezewi. Kampuni huwa na leseni na namba ya mwagizaji iliyounganishwa nayo. Wakala wa meli hutoa hati ya kuachilia mzigo baada ya kupokea hati ya shehena halisi na kulipwa ada zake. Wakala wa forodha huingiza tamko kwenye mfumo wa Mirsal 2, akiambatanisha ankara, orodha ya vifurushi na cheti cha asili, kinachotaja nchi bidhaa ilikotengenezwa. Mfumo hupima hatari na kuamua: pita, leta karatasi, au fungua kontena. Karatasi zikisema kitu kimoja, jibu huja haraka sana. Zikitofautiana, kasi yote hiyo haina maana. Makosa yanayorudi kila mara ni ankara kuandika uzito mmoja na orodha ya vifurushi kuandika mwingine, msimbo wa forodha usiolingana na maelezo ya bidhaa, na bidhaa isiyo na alama ya nchi ilikotengenezwa. Hilo la mwisho huwauma wengi kwa sababu huwezi kulirekebisha ofisini. Lazima uende ghalani ukabandike.

Anayeingiza bidhaa Dubai kwa nia ya kuitoa tena huweka amana ya ushuru, kisha ana miezi 6 ya kuisafirisha na kudai fedha zake. Muhuri wa kutoka mpakani ndio dai lenyewe. Lori likipita bila karatasi kupigwa muhuri, bidhaa imetoka lakini kwa forodha bado ipo Dubai, na amana inaliwa. Nimewasikia watu wazima, wenye uzoefu, wakilitaja hilo kwa uchungu.

Kuna dhana moja ningependa iondoke kabisa vichwani mwa wafanyabiashara wetu. Simu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Imarati kwa kulala Jafza mwezi mzima. Kenya na Imarati zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi Januari 2025, na mikataba ya namna hiyo hutoa nafuu kwa bidhaa inayotimiza masharti ya asili. Ghala si kiwanda. Saudi Arabia ililisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote: Julai 2021 ilibadili kanuni zake, bidhaa zilizotengenezwa katika maeneo huru zikakosa nafuu ya ushuru inayopewa bidhaa za Ghuba, na ikataka thamani iliyoongezwa nchini isipungue asilimia 40. Miezi michache kabla ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Januari 2024 serikali yake haitafanya mikataba na kampuni za kigeni ambazo makao yake ya kanda yako nje ya Ufalme. Baraza ni moja, ushuru wa nje ulikubaliwa uwe mmoja, lakini kila mwanachama analitaka kontena lile lile, ofisi ile ile na ajira ile ile. Ukumbini jambo hili lilitajwa kwa upole. Barabarani linaonekana wazi.

Barabara ya Hatta hupanda milima ya Hajar, miamba mikavu yenye rangi ya kutu, kisha hushuka kwenye kituo cha Al Wajajah upande wa Omani. Msafiri wa kawaida ajue mambo mawili: viza ya Imarati ya kuingia mara moja hufa ukishatoka, na gari la Dubai linahitaji bima iliyopanuliwa kufika Omani, pamoja na kadi ya rangi ya chungwa ya kuithibitisha. Wanaoisahau hununua bima hapo hapo kwa bei ya asiye na hiari.

Kwa lori mambo ni mengine. Mzigo unaotoka Jebel Ali kwenda Omani una njia mbili. Ya kwanza ni kulipa ushuru Dubai, kisha fedha kuhamishiwa nchi ya mwisho kwa utaratibu wa maqasa, ili mzigo usitozwe mara mbili. Ya pili ni kupita chini ya dhamana, kontena likiwa na lakiri ya forodha, na ushuru kulipwa Omani. Njia ya pili huvunjika kwa vitu vidogo: tarakimu moja ya lakiri iliyonakiliwa vibaya, ankara inayomtaja mnunuzi wa Dubai badala ya wa Omani, chakula kisicho na lebo ya Kiarabu. Hapo lori husogezwa pembeni. Dereva, mara nyingi Mpakistani au Mhindi anayelipwa kwa safari, ndiye anayebeba saa hizo bila malipo. Katika hesabu za ushindani nilizoonyeshwa ukumbini, jasho lake halikuwa na safu yake.

Halafu kuna kalenda. Tangu Januari 2022 Imarati hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Omani imebaki na Ijumaa na Jumamosi, kama Saudi Arabia. Kwa hiyo ofisi za pande zote mbili zinafanya kazi pamoja kikamilifu siku 4 tu: Jumatatu hadi Alhamisi. Lori lililofika mpakani Alhamisi jioni na karatasi moja yenye kasoro linaweza kusubiri mpaka Jumapili kwa saini ya Omani, na mpaka Jumatatu kama saini inatakiwa Dubai na nusu siku ya Ijumaa imeshapita. Mpaka upo wazi, lakini mwenye saini hayupo. Wenye uzoefu hupakia Jumapili usiku. Ramadhani ongeza siku, na miezi ya kiangazi kumbuka katazo la kufanya kazi juani adhuhuri: Imarati kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9, Juni 15 hadi Septemba 15, Omani hadi saa 9:30, kuanzia Juni hadi Agosti. Upakuaji wa mikono husimama, na anayepanga safari bila kulihesabu katazo hilo anawapangia wapagazi wagonjwa.

Ukishuka milima unafika uwanda wa Batinah, mitende na mashamba kuelekea baharini, na Sohar. Bandari hii imejengwa kwa ubia na bandari ya Rotterdam tangu 2002, na mwaka 2014 ilipokea kazi ya makontena iliyokuwa Mutrah, Maskati. Faida yake kubwa imetolewa na ramani: meli ya Jebel Ali lazima ipite mlango bahari wa Hormuz, ya Sohar haipiti. Siku za amani hiyo ni tofauti ya mafuta na muda. Siku za wasiwasi ni bima ya vita, ambayo hupanda kabla risasi haijasikika. Fujairah na Khor Fakkan zina faida hiyo hiyo, na Abu Dhabi ilijenga bomba la mafuta hadi Fujairah, lililoanza kazi 2012, kwa sababu hiyo.

Sohar nilipenda kwamba mizigo mingi haipiti tu, inageuzwa. Madini ya chuma ya Brazil hufanywa vidonge kwenye kiwanda cha Vale chenye uwezo wa tani milioni 9 kwa mwaka. Kuna kusafisha mafuta, kuna alumini. Ajira za namna hii ndizo kijana wa Batinah anazoweza kuzifikia bila kuhamia mji mkuu. Sasa inajengwa reli ya Hafeet, kilomita 238 kati ya Sohar na Abu Dhabi, treni za mizigo zikikusudiwa kwenda kilomita 120 kwa saa. Kwa maoni yangu mwendo huo si shida. Treni inayosimama mpakani ili kila kontena lisomwe upya itashindwa na lori. Ukaguzi ukifanyika Sohar wakati wa kupakia, na lakiri ikaheshimiwa upande wa pili, bandari hii itapata soko la ndani la Imarati bila kuomba.

Maskati ni kilomita 200 na ushei mbele. Bandari ya zamani ya Mutrah sasa hupokea meli za watalii. Mjini Kiswahili utakisikia madukani, benki, hata ofisi za serikali, kwa Waomani waliorudi kutoka Zanzibar na bara baada ya 1970, wakati nchi ilipohitaji watu waliosoma. Watakueleza kila hatua kwa Kiswahili safi, na ni msaada mkubwa. Fomu yenyewe lakini itajazwa kwa Kiarabu, kwa hiyo mtafsiri aliyeidhinishwa bado ni gharama ya kuwekwa kwenye bajeti. Weka pia kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5 tangu Aprili 2021.

Kwa mzigo wa Dar es Salaam au Mombasa, Jebel Ali bado ina meli nyingi zaidi na wauzaji wengi zaidi, na Oktoba 2023 Tanzania ilitia saini mkataba wa miaka 30 na DP World, kampuni ile ile inayoendesha Jebel Ali, kwa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Kontena la Sohar huenda likashushwa Salalah, bandari ya kusini mwa Omani, na kusubiri meli nyingine. Uliza tarehe ya meli ya pili, usiridhike na ya kwanza. Ukinunua bidhaa iliyotengenezwa Omani, chukua cheti cha asili kwa jina la mtengenezaji wakati mzigo ungali nchini, na ukipitia Dubai, simama kwenye dirisha la kutokea mpaka uone muhuri umepigwa.