Siku moja maishani mwangu: kupanga mizani ya pangaboi na ya ndege kubwa

Saa 9:30 usiku. Natoka nyumbani Gongo la Mboto kabla jogoo hawajawika, na kwa kuwa Barabara ya Nyerere haina foleni wakati huo, bodaboda inanifikisha uwanja wa ndege kwa dakika chache. Kazi yangu ni kupanga mizani ya ndege za Air Tanzania. Kwa kila safari ninakokotoa uzito wa abiria, mizigo, shehena na mafuta, kisha ninaelekeza kila kitu kikae wapi ndani ya ndege ili kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa ndege unapata usawa, kisitoke nje ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji. Rubani asipoisaini karatasi ya mizani, ndege haiondoki hata kama abiria wote wamekwisha kufunga mikanda.

Saa 10:15 alfajiri. Ninapokea zamu na kusoma ratiba ya siku, ambamo aina ya ndege huandikwa kando ya kila safari. Ndiyo ninayoitazama kwanza, kabla ya jina la mji inakokwenda. Dash 8 Q400 hubeba abiria 76, Airbus A220-300 hubeba 132, Boeing 737 MAX 9 hubeba 181, na Boeing 787-8 hubeba 262. Iko pia Boeing 767-300F isiyo na abiria kabisa, inayoweza kubeba tani 54 za mizigo. Mtu aliyezoea ndege moja hawezi kuihamishia nyingine mazoea yake, kwa sababu kila aina ina vitabu vyake, vipuri vyake, na marubani na mafundi waliosomea ndege hiyo hasa.

Saa 11:30 alfajiri. A220 ya Mwanza inajaa. Viti vyake vimepangwa viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na begi la kila abiria hupakiwa kwa mikono katika vyumba vya mizigo chini ya sakafu, kimoja mbele na kingine nyuma ya mabawa. Leo mizigo imegawanyika vizuri, na Kapteni anasaini bila swali.

Saa 1:20 asubuhi. Hapa ndipo kazi inaponoga. Q400 ya Songea ina abiria 43 tu, na wengi wamepewa viti vya nyuma. Chumba kikubwa cha mizigo cha ndege hii kiko nyuma ya abiria, karibu na mkia, na leo kimejaa maboksi ya vipuri na mabegi mazito. Nikiweka hesabu zote pamoja, kitovu cha uzito kinasogea nyuma kuliko ninavyopenda. Ninawaomba wapakiaji wahamishie baadhi ya mabegi kwenye chumba kidogo cha mbele, lakini hayo hayatoshi, kwa hiyo ninapanda ngazi iliyo ndani ya mlango wa ndege yenyewe na kumweleza mhudumu kwamba tunahitaji abiria tisa wasogee mbele.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekwisha kupanga vitu vyake chini ya kiti, ananitazama kwa huzuni. "Mwanangu, nimekosa nini?"

"Shikamoo mama. Hujakosa kitu. Ndege hii ni kama mzigo wa kichwani, ukiegemea nyuma sana shingo inapata tabu. Tunaomba utusaidie kuuweka sawa."

"Marahaba. Basi nishikie kikapu."

Nakibeba kikapu chake hadi safu ya nne. Anakaa, anafunga mkanda, na kuwaeleza wenzake habari ya mzigo wa kichwani kwa ufasaha kuliko mimi. Narekebisha hesabu, kitovu kinarudi mahali pake, na saini inawekwa.

Wakati nashuka, kijana mmoja aliyekuwa anapanda alimwambia mwenzake kwa masikitiko, "Kumbe ni pangaboi!" Neno hilo nalisikia karibu kila wiki tangu Q400 mbili za kwanza zilipotua nchini Septemba 2016, na kila mara linaniuma, kwa sababu linafanya watu waamini kwamba ndege yenye rafadha, yaani mapanga yanayozunguka nje ya injini, ni ya kizamani. Injini ya Q400 ni ya tabo, yaani magurudumu yanayozungushwa na gesi ya moto, na huchoma mafuta yale yale ya ndege ya jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake nyingi hupitia kwenye gia na kuzungusha rafadha yenye mapanga sita na upana wa mita 4.1. Na A220 ambayo kijana yule angeifurahia? Feni kubwa iliyo mbele ya injini yake nayo huzungushwa kupitia gia. Isitoshe, zote mbili asili yao ni Kanada, katika mikono ya kampuni ya Bombardier: Q400 zetu ziliundwa Toronto, nayo A220 ilizaliwa kwa jina la CSeries huko Mirabel, karibu na Montreal, kabla Airbus haijaichukua na kuibadilisha jina mwaka 2018. Anayeidharau moja na kuisifu nyingine anawatenganisha ndugu.

Q400 huenda karibu kilomita 667 kwa saa, jeti huzidi 800. Lakini safari ya Zanzibar haifiki kilomita 100, na jeti haina hata nafasi ya kufikia mwendo wake kabla ya kuanza kushuka, ilhali mafuta imekwisha kuyatumia. Pia vipo viwanja kama Bukoba, ambako njia fupi ya kurukia inaishia kando ya Ziwa Victoria, na watu wa huko wana haki ya kufikiwa kama wa Mwanza. Mimi ningeulizwa nchi iongeze ndege gani kwa safari za ndani, ningetaja Q400 hiyo hiyo.

Saa 7:00 mchana. Joto limepanda, na hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mabawa na injini vyote hupata kazi zaidi wakati wa kuruka. Jirani yetu kwenye maegesho ni ATR 72 ya Precision Air, iliyoegemezwa nguzo chini ya mkia wakati wa kupakia, kwa sababu abiria wake hupandia mlango wa nyuma na bila nguzo ile pua ingeweza kuinuka. Ng'ambo, kwenye Jengo la Kwanza, Cessna Caravan zenye injini moja zinapakia watalii. Huko kilo kumi tu ni jambo la kujadiliwa.

Saa 8:30 mchana. Naandaa hesabu za awali za 787. Hapa mabegi huingia ndani ya makontena, nami napanga makontena, si mabegi. Ni kazi ya heshima, ila simuoni mtu yeyote usoni.

Saa 10:00 jioni. Nakabidhi zamu. Q400 iliyorudi kutoka Songea inalala hapa leo, na fundi ameshika mkanda mwekundu, anaufunga kwenye panga moja la rafadha ili upepo wa jioni usiizungushe. Anaukaza, anavuta mara mbili kuhakikisha, kisha anahamia injini ya pili.