Jiko la nyanya: kumbukumbu ya ukarabati wa Novemba

Mwanzo wa mwezi

Mvua za vuli mwaka huu zimeamua kunyesha alasiri. Asubuhi jua kali, saa nane wingu, saa tisa watu wanakimbia kuanua maharagwe. Anayetaka kukandika ukuta ana asubuhi peke yake.

Jiko la nyanya yangu liko nyuma ya nyumba kubwa, hapa kwetu nje kidogo ya Luanda, Vihiga. Upande unaopigwa na mvua umemomonyoka hadi fito zinaonekana, na kuku wamepapenda. Katikati ya Desemba jamaa wa Nairobi na Mombasa wataanza kuteremka na mizigo yao, na huku hakuna boma linalopokea wageni wa Krismasi likiwa na kuta zenye matundu. Ukitembea kijijini sasa hivi utaona kila mlango una ndoo ya udongo. Basi nami nimejipa kazi.

Riziki yangu ni kutengeneza simu na redio sokoni, kwa hiyo nimeingia na tabia ya fundi wa nyaya: nataka vipimo. Shangazi, ambaye kwa kusiriba kuta anajulikana mpaka ng'ambo ya mto, hana vipimo. Nikimuuliza samadi kiasi gani kwa karai la udongo, ananijibu, "Mpaka udongo ukubali."

Vigae vya majaribio

Nimefinyanga vigae kwenye vifuniko vya mikebe ya rangi, kila kimoja na mchanganyiko wake, nikavianika chini ya upenu. Udongo mwekundu wa shambani ukiwa peke yake ulipasuka pasuka, maana udongo wenye mfinyanzi mwingi husinyaa sana unapokauka. Ulipotiwa mchanga nyufa zilipungua, lakini kigae kikawa kinapukutika ukikisugua kwa kidole. Wenye jivu nyingi ulitoka laini, ila mwepesi wa kuvunjika.

Kilichoshinda ni cha udongo, mchanga kidogo, na samadi iliyolazwa kwenye ndoo na maji mpaka ikachacha. Kile kinachobaki cha nyasi ambazo ng'ombe hakuzisaga tumboni ni nyuzi tupu, na hizo ndizo zinazoshikilia udongo usigawanyike. Ule ute wa samadi iliyochacha nao unasaidia ukuta usinywe maji haraka. Harufu ni ya siku chache tu, ingawa majirani zangu wa upande wa chini wana maoni tofauti.

Shangazi alipita, akavikwaruza vigae kwa ukucha kimoja baada ya kingine, akaokota kilekile, akaniuliza kama simu za watu nazo huwa naziacha zikichezewa hivi.

Kichuguu cha watu

Udongo bora wa kusiriba unatoka kichuguuni. Mchwa huupandisha kutoka chini ukiwa umechujwa, hauna kokoto, na wameshaukanda kwa mate yao. Kipo kichuguu kizuri mno kwenye mpaka wetu na jirani, mzee mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Nilipofika na jembe akapaza.

"Wewe mtoto! Hiyo ni nyama yangu unataka kukata?"

Ana haki. Huu ndio msimu wa kumbikumbi. Mvua ikishalainisha ardhi, wajukuu wake hufunika kichuguu kwa majani na blanketi kuukuu, wanaacha tundu moja lenye kishimo, halafu wanapiga vijiti juu ya mti taratibu ili wadudu wadhani mvua inanyesha. Kumbikumbi wakitoka wanaingia shimoni wenyewe. Wanakaangwa bila mafuta, maana wana yao, na wanaobaki huuzwa kwa kikombe. Kichuguu hai hurithiwa kama mti wa matunda, na mwenye mji ajuaye ukoo wake anajua pia ni kipi cha nani.

Siku hizi ugomvi wa aina hii ni rahisi kuzuka. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba katika kaunti yetu, na mashamba yamegawanywa mpaka mengine ni ya kuruka kwa hatua. Nyasi za kuezekea zilikwisha zamani kwa sababu hiyohiyo, ndiyo maana jiko lenyewe limevikwa mabati. Mzee alitulia alipoletewa chai, akanionyesha kichuguu kilichokufa karibu na mkuyu. "Hicho chimba mpaka uchoke." Nikachoka kweli.

Kazi imesimama

Msiba kwa jirani wa juu. Maiti ikishafika nyumbani, hakuna anayeshika jembe wala kukanyaga udongo. Wanaume wanafunga turubai na kupasua kuni, akina mama wanachota maji, vijana wanachimba kaburi usiku kucha. Mazishi yakaangukia Jumamosi kama kawaida. Udongo wangu uliokuwa umelowekwa nikaufunika kwa gunia. Baadaye ikawa zamu ya chama cha akina mama kukutana, na bila wao ukuta hauguswi. Katika daftari langu nilikuwa nimepanga wiki moja. Nimelikunja.

Siku yenyewe

Walikuja kukicha: shangazi, wanachama wenzake, na watoto waliofunga shule ambao wazazi wao walifurahi kuwaondoa mbele ya simu. Watoto walichota maji chemchemini na kukanyaga udongo kwa miguu, wakiimba nyimbo za kanisani kwa mahadhi ya kucheza. Sisi wanaume tulibadilisha fito zilizoliwa na mchwa, tukazifunga kwa katani, tukarusha mabonge ndani ya uwazi wa ukuta kutoka pande zote mbili. Hapo kazi ya wanaume ikaisha, kwa desturi.

Mimi nikaendelea. Nilitaka kujifunza kusiriba, tabaka lile jembamba la juu linalosukumwa kwa kiganja kwa nusu duara, mkono ukipishana na mkono. Ilikuwa sinema. Mama mmoja aliuliza kwa sauti kama nimeoa au nimeolewa. Mwingine akasema waniache nimalize, atanipeleka kwake nikafanye jiko lake pia, mume wake aone. Nyanya, kutoka kwenye kigoda chake, akasema ukuta haujui mkono wa mwanamume na wa mwanamke. Kicheko kikapungua kidogo. Sehemu yangu ipo nyuma ya mlango, na shangazi ameipitia mara ya pili bila kuniambia.

Saa tano tukala nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chai ya maziwa. Saa nane wingu likaanza kujikusanya kwa upande wa Nandi, na kila mtu akakumbuka nguo alizoanika.

Moshi

Nilikuwa na mpango wa bomba la moshi. Nyanya amekataa. Mbegu zake za mahindi zinaning'inia juu ya mafiga, na moshi ndio unaowafukuza wadudu mpaka msimu wa kupanda mwezi wa tatu. Macho yake yanalia kila jioni, lakini anasema hawezi kuniomba mimi mkopo wa kununua mbegu nyingine. Tumekubaliana kuacha uwazi mpana chini ya mabati pande mbili na kupanua dirisha. Moshi unatoka juu, mbegu zinapata wake. Kwangu hiyo si suluhu kamili, na mwakani nitalirudia jambo hili.

Rangi na kilichobaki

Chini tumezungusha ukanda mweusi wa unga wa makaa uliochanganywa na samadi nyembamba, juu chokaa. Shangazi ameongeza pembetatu kuzunguka dirisha kwa udongo mwekundu, bila rula, na zimelingana.

Imebaki sakafu, inayohitaji samadi nyingi kuliko kuta zote. Ng'ombe wetu ni mmoja. Jirani mwenye wawili amekubali kunipa ndoo za kutosha, kwa bei ya kumkatia majani ya nepia kila asubuhi wiki nzima na kumtengenezea redio yake, ambayo nimeifungua jana nikakuta sisimizi wameweka mayai kwenye spika.