Mali Isiyoandikwa Kwenye Hesabu

Mtu akiulizwa ana mali gani, aghalabu hutaja vile tu vinavyoweza kuuzwa: nyumba, kiwanja, gari, akiba aliyoiweka benki. Hataji usingizi alioulala usiku kucha bila kushtuka, wala goti lisilomuuma anapopanda ngazi, wala jirani anayemwanulia nguo mvua inapoanza naye hayupo, ingawa siku atakapokosa kimojawapo kati ya hivyo ndipo atakapoijua thamani yake. Nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya umaskini tunaoulalamikia, sisi ambao tayari tunashiba na tuna pa kulala, ni kasoro ya hesabu: upande wa vinavyopungua tunauandika kwa makini, na upande wa vilivyopo tunauacha mtupu.

Nasema sisi ambao tayari tunashiba, na neno hilo sitaki lipite hivi hivi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hakuna hotuba inayochosha kuliko ile ya mtu mwenye nacho anayemfundisha asiyenacho faida za kuridhika. Shukrani hailipi kodi ya nyumba, wala hainunui dawa za mtoto, na mfanyakazi anayedai ujira wake wa haki hakosi shukrani hata kidogo. Mtaalamu wa saikolojia Matthew Killingsworth alionyesha mwaka 2021, kwa takwimu za watu wengi wa Marekani, kwamba hali ya moyo huendelea kuwa bora kadiri kipato kinavyopanda, kinyume na dhana iliyokuwa imeenea kwamba faida hiyo hukoma katika kiwango fulani cha mshahara. Kwa hiyo fedha ina kazi yake, na anayekana hilo ama anajidanganya ama hajawahi kudaiwa.

Ninachokitilia shaka ni imani kwamba fedha itafanya pia kazi ambayo si yake. Mwaka 1978 Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman walichapisha utafiti kuhusu watu 22 waliokuwa wameshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakiwalinganisha na watu wengine 22 ambao hawakushinda chochote. Matokeo yanayotajwa sana ni kwamba washindi hawakuwa na furaha iliyowazidi wenzao kwa kiasi cha maana, lakini hilo silishikilii, kwa sababu kundi lilikuwa dogo mno, na utafiti mkubwa zaidi uliofanywa Uswidi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwakuta washindi wa fedha nyingi wakiridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka kupita. Jambo lililonigusa ni lile lisilotajwa mara nyingi: washindi wale wa Illinois walipoulizwa kuhusu mambo madogo, kama vile kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho, kusoma jarida au kupewa sifa, walisema hayawapi raha kubwa kama walivyosema wenzao. Kama ndivyo ilivyo, basi tukio kubwa la heri laweza kuyapunguzia mambo madogo ladha yake, na mambo madogo ndiyo yanayoijaza siku nzima kuanzia asubuhi hadi usiku. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, nami nadhani hasara wanayoionya si ya mbacha peke yake, bali pia ya macho yaliyokuwa yakiuona.

Macho hayo yanaweza kuzoezwa. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti walioutoa mwaka 2003, waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu: wa kwanza waliandika kila wiki mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru, wa pili waliandika kero zao, na wa tatu waliandika matukio yoyote yaliyowafika. Baada ya wiki 10, walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko wenzao, waliitazamia wiki ijayo kwa matumaini zaidi, na hata kufanya mazoezi ya mwili kwa muda mrefu kuliko walioandika kero. Nani angetegemea hilo la mazoezi? Mambo waliyoyaandika hayakuwa makubwa. Mmoja alishukuru kwa kuamka asubuhi, mwingine kwa ukarimu wa marafiki zake.

Nami nina daftari la namna hiyo, na nimegundua kwamba neno la jumla halizai kitu. Nikiandika kwamba nashukuru kwa afya na familia, kalamu inapita tu na moyo haushtuki. Nikiandika kwamba mama alinipigia simu bila shida yoyote, akanisimulia kwa kirefu ugomvi wa kuku wake wawili, na kwamba nilisikia anacheka kabla hajafika mwisho wa kisa, hapo najua nimeandika mali, kwa sababu iko siku nitaitafuta sauti ile nisiipate. Kwenye ukurasa huo huo yumo fundi aliyenirudishia kiatu na kukataa malipo kwa sababu kilihitaji mshono mmoja tu, na yumo mwanangu aliyelala kifuani pangu mkono wangu ukafa ganzi nisithubutu kuutoa.

Siandiki kila siku, na hilo nalifanya kwa makusudi. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kuwalinganisha watu waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki na waliofanya hivyo mara tatu, wakakuta kwamba waliofaidika ni wale wa mara moja, huenda kwa sababu zoezi likizidi hugeuka mazoea na mazoea hayaoni kitu. Kwa hiyo Jumapili jioni inanitosha, mistari mitatu au minne, na wiki isiyo na la kuandika naiacha ipite bila kulazimisha.