Kuvu ya bafuni na dirisha nililoliziba

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikisugua kuvu nyeusi katika bafu letu la ghorofani, hapa Mji wa Kale, na kila baada ya wiki mbili au tatu nikaikuta imerudi palepale: kwenye mistari ya saruji nyeupe iliyo baina ya vigae, na zaidi kwenye ukanda wa silikoni unaoziba pembe ya ukuta na sakafu chini ya bomba la mvua. Ninaandika haya kwa kuwa najua nyumba nyingi za Mombasa zina taabu hiyohiyo, hasa mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi yote ya mwaka, wakati taulo inashinda kutwa kambani na jioni ukiishika bado ina majimaji.

Silaha yangu ilikuwa moja tu, nayo ni dawa ya klorini tunayotumia kufulia nguo nyeupe. Dawa hiyo huua kuvu iliyo juu ya kigae, kwa sababu kigae ni kilaini na hakinywi maji. Lakini saruji ya katikati ina vitundu vidogo vidogo, na kuvu hupenyeza nyuzi zake humo. Klorini huondoa rangi ya juu, jicho likaridhika, na zile nyuzi za ndani zikabaki zikisubiri unyevu.

Silikoni ndiyo iliyonifungua macho. Siku niliyoikata kwa wembe na kuivuta, ilitoka kama utepe mrefu, juu ina madoa machache tu, lakini upande wa chini ilikuwa nyeusi tii kutoka mwanzo hadi mwisho, ina utelezi, na harufu yake ilikuwa ile ya mtungi uliosahauliwa ukiwa na maji. Fundi aliyeipaka alikuwa ameibandika juu ya ukuta ambao haujakauka, kwa hiyo tangu siku ya kwanza maji yalikuwa yamefungiwa ndani. Silikoni iliyofikia hali hiyo haisafishiki. Ni kuing'oa yote, kukwangua mabaki, kuuacha ukuta ukauke kabisa (sisi tuliuwashia feni siku mbili, tukawa tunaoga kwa ndoo katika choo cha chini), kisha kupaka mpya ya aina ya bafuni iliyotiwa kizuia kuvu, na kutoigusisha maji kwa saa 24.

Vigae navyo nilivianza kwa siki. Maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, na mabaki yake hugandamana ukutani yakawa utando mweupe ambao kuvu huota juu yake. Nilipaka siki isiyozimuliwa, nikaiacha saa nzima, nikasugua kwa mswaki mkuukuu na kusuuza kwa maji mengi. Klorini niliitumia siku nyingine kabisa, kikombe kimoja kwa takriban lita nne za maji, mlango ukiwa wazi na mikono ikiwa ndani ya glavu. Hapa naomba sana tusifanye mzaha: klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na ikikutana na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine ya hatari. Ndani ya bafu dogo, mtu anaweza kuzidiwa kabla hajaufikia mlango.

Hata hivyo, haya yote yasingedumu kama si shangazi yangu, aliyekuja kututazama, akasimama mlangoni mwa bafu na kuniuliza, "Mwanangu, mvuke wa humu unatokea wapi kwenda nje?" Sikuwa na jibu. Dirisha nilikuwa nimeliziba kwa plastiki kwa ajili ya sitara, kwani nyumba zetu zimekaribiana mno na dirisha la jirani linatazamana na letu. Akanikumbusha madirisha ya nyumba za zamani, yenye vibao vilivyolazwa mshazari, ambavyo hupitisha upepo na kulizuia jicho. Tumemwita seremala akatutengenezea ya namna hiyo, na ukuta wa juu, uliokuwa umepakwa rangi ya mafuta, tumeukwangua na kuupaka chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue na ukali wake hauipendezi kuvu.

Sasa kila anayemaliza kuoga husukuma maji ya ukutani kwa kibao cha mpira, kazi isiyozidi dakika moja, na mlango huachwa wazi. Mei hii imepita na pembe ile ni nyeupe. Limebaki doa moja, kiasi cha kucha, pale bomba linapoingia ukutani. Nimeligusa asubuhi hii nikakuta panavuja, na fundi wa mabomba anakuja Jumamosi.