Nimekusa…

Saa saba na nusu usiku. Masikio bado yanavuma, viatu vimekanyagwa mpaka vimebadilika rangi, na kesho asubuhi nina kazi. Naandika sasa hivi kwa sababu najijua: nikilala, nitaamka nimeshaipamba hadithi.

Nilikwenda kwenye tamasha peke yangu, na kusema kweli sikumtafuta wa kwenda naye. Nyimbo za huyu mwimbaji nimezisikiliza miaka minne kwa hedifoni tu, usiku, taa imezimwa. Kumpeleka mtu pale niliona ni kama kumkabidhi daftari langu alisome. Halafu nafika mlangoni nakuta foleni imelizunguka jengo zima, na kila aliyesimama ana daftari hilohilo. Nikashikwa na wivu. Wa kijinga, ndiyo, lakini wivu.

Kundi lililotangulia sina la kusema juu yake, ila ngoma zao zilinifanya nizibe masikio. Vizibo nabeba siku hizi tangu niliposoma kwamba Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, lilipendekeza kumbi za muziki zisizidishe desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15. Nilivitoa alipopanda yeye, nikajuta papo hapo. Kelele kubwa kuliko zote za usiku huu haikutoka kwenye spika. Ilitoka kwa msichana aliyesimama nyuma ya sikio langu la kushoto.

Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti kirefu akaanza kukaza nyuzi za gitaa, maana joto la taa hulegeza nyuzi za chuma, na akafanya hivyo taratibu kama yuko chumbani kwake. Dakika nzima hivi. Ukumbi wa watu karibu elfu mbili, wamesimama, wanamsikiliza mtu akikaza waya. Nimewahi kukaa kwenye misiba yenye kelele kuliko ile.

Anaimba mdomo ukigusa kipaza sauti. Nimekuja kujua kwamba vipaza sauti vya jukwaani, vingi vyao, huongeza besi kadiri mdomo unavyosogea karibu, ndiyo maana mnong'ono wake hauji mwembamba. Unakuja mnene, kama wa mtu aliyekuwekea kidevu begani. Simu zikainuka, bila shaka. Mwaka 2022 mwimbaji mwingine, Mitski, aliwaomba mashabiki wake wasirekodi nyimbo nzima, nami nilimuunga mkono kwa maneno makali sana. Leo nimerekodi sekunde kumi na moja. Zote ni kisogo cha mtu.

Sasa, ule wimbo.

Ni gitaa na sauti tu, hakuna kingine. Kwenye rekodi neno la mwisho la kiitikio linamezwa: anavuta pumzi kabla hajalimaliza, gitaa linamrukia, na kinachobaki ni "nimekusa…". Tangu siku ya kwanza mimi nilisikia nimekusamehe. Sikuwahi kutafuta mashairi yake. Mtu hatafuti anachokijua.

Mwaka ule nilioanza kuusikiliza tulikuwa hatusemezani na dada yangu. Ugomvi wenyewe siuandiki hapa, si wangu peke yangu. Ila usiku mmoja nilirudia kiitikio kile mara sijui ngapi, nikajiambia kama huyu ameweza, mimi nashindwa nini, nikapiga simu. Dada akapokea mlio wa kwanza. Hatukusema kitu cha maana, lakini tangu siku ile tunaongea.

Leo alipofika pale akameza neno vilevile kama kwenye rekodi. Kisha akajitenga na kipaza sauti na kuuachia ukumbi. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo walio mita thelathini na kitu nyuma hulisikia neno sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na wakilirudisha linachelewa tena. Halikuja kwa mkupuo. Lilianza na waliokuwa mbele yangu, likanipita, likaja tena kutoka nyuma kama wimbi linalorudi, na kila aliyeliimba alilitamka lote, wazi, silabi kwa silabi.

Nimekusahau.

Mdomo wangu ulikuwa tayari kwenye "-mehe". Nadhani yule msichana wa kushoto alinisikia, maana aligeuka kunitazama.

Nyimbo mbili zilizofuata sizikumbuki. Nilikuwa naupitia ule wimbo mzima upya kichwani, ubeti kwa ubeti, na kila mstari ukawa umekaa sawa zaidi kuliko nilivyouelewa mimi. Wimbo mkatili kumbe. Wa mtu aliyefunga mlango na kutupa ufunguo, na mimi nilikuwa nimeutumia kufungulia.

Kwenye treni niliweka hedifoni nikaurudia. Sasa najua anachosema, na watu elfu mbili wamenithibitishia. Bado nilisikia nimekusamehe. Nikarudisha tena. Vilevile.

Dada ameandika: "Vipi, kulinoga?" Nimemjibu kulinoga sana, nitamsimulia Jumamosi. Hilo la neno sijamwambia.